Nyumba Nayo Hutaka Mkaja



Juma hili tumeomba nafasi tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu wa Pwani ya kusini tumelizoea kama habari ya nchi za mbali: tetemeko la ardhi, ambalo wazee wetu wakiliita zilizala. Hatuzungumzi kama wataalamu. Sisi ni wanawake wa ua mmoja hapa Lunga Lunga. Nyumba zetu ni tatu, kisima ni kimoja, na pembeni mwa ua tuna chuo kidogo ambamo wasichana wa mtaa hufunzwa Qurani kila siku baada ya alasiri. Tutakayoyaeleza ni yale yaliyotufika, yale tuliyoyauliza yakajibiwa, na kosa tulilolitenda sisi wenyewe. Kosa hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Ilikuwa usiku wa Jumatano, tarehe 12 Agosti 2020. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa korona. Mpaka wetu na Tanzania ulikuwa umefungwa kwa wasafiri, nasi ambao nusu ya jamaa zetu wako Tanga na Dar es Salaam tulikuwa tukisikia sauti zao kwa simu tu, ilhali Horohoro iko hapo ng'ambo ya kizuizi. Tulikuwa tumekwisha kusali isha. Bibi yetu, ambaye ni mama mzazi wa baadhi yetu na mama mkwe wa wengine, alikuwa bado juu ya msala akivuta tasbihi. Ilipopata saa mbili na robo hivi, taa iliyoning'inia ukumbini ikaanza kuyumba na hapana upepo. Maji ya mtungini yakafanya viduara. Kuku wakalia bandani. Mlango wa kabati la vyombo ukawa unagongagonga, kana kwamba yumo mtu ndani ataka kutoka. Yote hayo hayakupita muda wa mtu kusoma Alhamdu kwa utulivu. Bibi akainua kichwa, akatamka shahada, kisha akatwambia neno moja tu: "Watoto!"

Tukawabeba waliolala na kuwashika mkono waliokuwa macho, tukasimama uani chini ya nyota. Majirani nao walikuwa nje, kila mmoja akimwuliza mwenzake kama amesikia alichokisikia yeye. Hapo tukajikuta baina ya hofu mbili. Saa tatu ilikuwa inakaribia, saa ya amri ya kutotoka nje, nasi hatukujua la kuogopa zaidi ni lipi: askari wa njiani au kuta zetu wenyewe.

Punde simu ikalia. Alikuwa dada yetu aliyeolewa Dar es Salaam, akaaye ghorofa ya nne huko Kariakoo. Alikuwa anahema. Alishuka ngazi zote na mtoto mgongoni, leso moja kifuani na nyingine kichwani, miguu mitupu. Alisema barabara imejaa watu na hakuna anayetaka kurudi juu. Baadaye tulijua kwamba chanzo chake kilikuwa chini ya bahari, kusini mashariki ya Dar es Salaam, kwamba ukubwa wake kwa kipimo cha wataalamu ulikuwa karibu 6, na kwamba mtikisiko wake ulifika Unguja, Mombasa na hata Nairobi. Majumba yalitikisika na nyoyo ziliruka, lakini, alhamdulillahi, hapakuripotiwa kifo.

Asubuhi yake, mmoja wetu alipokuwa akifagia chuoni, aliona ufa. Ulianzia kwenye pembe ya dirisha, ukapanda kwa mshazari hadi chini ya paa, mwembamba kama uzi wa kushonea. Hatusemi kwamba tetemeko ndilo lililoupasua ukuta. Yawezekana ufa ulikuwapo siku nyingi, ila sisi hatukuwa na macho. Lakini mtu akishauona ufa hawezi tena kujifanya hajauona. Na nje ya ukuta ule ule yalikuwa yamerundikwa mawe ya kuchonga ya matumbawe, tayari kwa kazi, kwani tulikuwa katika mipango ya kupandisha ghorofa juu ya chumba kile.

Hapa hatuna budi kukiri. Chuo kile tulikijenga miaka miwili kabla, kwa fedha za ndugu yetu mwingine, afanyaye kazi za nyumbani Muscat. Kila shilingi aliyotuma ilitoka katika mikono yake, kwa kufua na kupika katika nyumba ya watu. Fundi mwashi alipotutajia gharama, tuliona ni kubwa, tukamwomba aipunguze. Akatuuliza: "Nipunguze wapi?" Tukamjibu: "Punguza pale pasipoonekana." Basi akapunguza. Nondo zikawa chache na nyembamba. Ule ukanda wa zege upitao juu ya milango na madirisha kuzunguka chumba kizima, haukuwekwa. Mchanga ukaletwa kutoka mtoni ukiwa na udongo wake, haukuchekechwa. Fedha iliyobaki tukanunulia marumaru za sakafu na rangi ya ukutani. Siku ya maulidi ya ufunguzi kila mgeni alizisifu marumaru, nasi tukajiona tumefanya kazi ya kifahari.

Ufa ule ulitukosesha raha. Tukamwita kijana wetu, mtoto wa mjomba, aliyesomea ujenzi na afanyaye kazi Diani. Alikuja Ijumaa baada ya sala, akaukagua ukuta kwa kimya kirefu, kisha akaja kukaa nasi chini ya mwembe. Tukamtaka kwanza atweleze: ardhi hutikiswa na nini?

Akatuuliza kama tunaujua mlango wa mvule uvimbao wakati wa masika. Unausukuma, haufunguki. Unausukuma kwa bega, bado umeng'ang'ania. Kisha ghafla unaachia, na nyumba nzima inatikisika. Akasema ardhi nayo ndivyo ilivyo. Gamba lake la juu si kipande kimoja, bali ni mapande makubwa yanayosogea polepole mno. Kando zao hung'ang'aniana kwa miaka mingi huku nguvu ikijikusanya. Siku kando hizo zikiachia, nguvu ile yote hutoka kwa sekunde chache. Huku kwetu, upande wa mashariki wa Afrika unajitenga na sehemu nyingine ya bara kwa milimita chache kila mwaka, polepole kuliko ukucha unavyokua. Bonde la Ufa ndiyo alama ya mtengano huo. Lina mikono miwili: mmoja hupita Ethiopia na Kenya hadi Tanzania, na wa pili hufuata maziwa ya Albert, Tanganyika na Nyasa. Nyufa nyingine zimelala chini ya bahari, mbele ya pwani ya Tanzania. Na Kenya yenyewe haikusalimika: tarehe 6 Januari 1928 ardhi ya Subukia ilitikisika kwa ukubwa wa karibu 7.

Mmoja wetu akasema: "Lakini hili la juzi halikuua mtu. Ya nini basi kujitia hofu?" Kijana akatutajia miji miwili, nasi baadaye tukatafuta habari zake na kuzisoma wenyewe.

Wa kwanza ni Bukoba, mji ulio kando ya Ziwa Viktoria. Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi, saa tisa na nusu za mchana, ikiwa zimebaki siku mbili kufika Idd ya kuchinja, lilipiga tetemeko la ukubwa wa 5.9. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, nyumba zaidi ya 800 zikaanguka na nyingine nyingi zikapasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa. Familia nyingi zililala nje katika siku ambazo zilitarajia kuwa za takbira na pilau. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali yaliyopangwa bila chuma. Na kama isingekuwa mchana, wakati watu wako macho na wengi wako nje, msiba ungekuwa mkubwa zaidi.

Wa pili ni Agadir, mji wa bandari wa Morocco. Usiku wa tarehe 29 Februari 1960, katika siku za mwanzo za Ramadhani, kabla ya saa sita ya usiku, ardhi ilitikisika kwa muda wa kama sekunde 15. Ukubwa wake ulikuwa 5.8. Watu wasiopungua 12,000 walikufa, kama theluthi ya wakazi wote wa mji. Waliokuwa wamenuia kuamka kula daku hawakuamka. Siku chache kabla yake palikuwa na mitikisiko midogo. Watu waliisikia, wakaendelea na shughuli zao. Mji ulipojengwa upya ulisogezwa kusini, ukawekewa kanuni za ujenzi zinazolizingatia tetemeko, na kile kilima cha ngome ya kale wakakiacha bila makazi.

Tukazitazama nambari zile: 5.8 Agadir, 5.9 Bukoba, karibu 6 katika bahari ya Dar es Salaam. Kwa ukubwa ni kama ndugu watatu wa tumbo moja. Kijana akatufahamisha kwamba kila hatua moja kamili ya kipimo hicho, kama kutoka 5 hadi 6, ni nguvu mara 32 hivi. Lakini hawa watatu hawakuachana hata nusu ya hatua. Vipi basi mmoja aue maelfu, wa pili aue makumi, na wa tatu asiue? Akasema mambo ni matatu. La kwanza ni kina: lile la Agadir lilitokea karibu kabisa na uso wa ardhi, na la Bukoba lilitokea ndani zaidi, kiasi cha kilomita 40 kwenda chini. La pili ni umbali: Agadir ilipigwa chini ya mji wenyewe, na Dar es Salaam ikatengwa na chanzo kwa bahari. La tatu ni nyumba. "Haya mawili ya kwanza," akasema, "yako mikononi mwa Mwenyezi Mungu peke yake. Hili la tatu ametukabidhi sisi."

Kisha akaomba vibiriti. Akavipanga juu ya sinia la kahawa vikawa kuta nne, na juu yake akalaza daftari mfano wa dari. Mmoja wa wasichana wetu, mwenye umri wa miaka sita, akaokota punje ya mahindi akaitia ndani ya nyumba ile; hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kijana akalitikisa sinia. Kuta zikaachana, kila mmoja ukaelekea upande wake, na daftari likaangukia katikati. Akavipanga upya, safari hii akavizungushia uzi wa kushonea akapiga fundo, akalitikisa sinia vile vile. Vibiriti vikapinda, vikasogea, lakini vikasogea pamoja, na daftari likabaki juu.

Bibi, ambaye muda wote huo alikuwa kimya, akasema: "Hata nyumba nayo hutaka mkaja."

Kina mama mnaujua mkaja. Mwanamke akishajifungua hufungwa kitambaa tumboni, kwa sababu mwili umeachana na unahitaji kushikwa hadi urudi kuwa mmoja. Bibi akaendelea kutukumbusha nyumba za utotoni mwake, za miti na fito zilizofungwa kwa kamba na kukandikwa udongo, paa lake makuti. "Zile zilifungwa," akasema. "Hizi zenu mmezipanga tu."

Tukaingia katika mashauriano yaliyochukua siku kadhaa, wala hayakuwa mepesi. Wako waliosema kwamba yaliyoandikwa yameandikwa, na atakayefikwa atafikwa hata akiwa ndani ya chuma. Wako waliotaka ghorofa ipandishwe upesi kwa vile wasichana wamezidi na chumba hakiwatoshi. Bibi akauliza kama tumemsahau yule bedui na ngamia wake, naye Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwagiza nini kabla ya kutawakali. Hakuna aliyekuwa na jibu. Tuliamini qadari tangu zamani. Tulichokosa ni kuifunga kamba. Na tulipojiuliza siku ya hesabu tutaulizwa juu ya nini, juu ya marumaru au juu ya wale wasichana, maneno yakaisha.

Iliyobaki ilikuwa ni kumwarifu ndugu yetu wa Muscat. Yeye alikuwa akiingoja picha ya ghorofa. Alishawaeleza wenzake huko. Tulimwambia kweli yote, pamoja na ile amri yetu ya kupunguza pasipoonekana. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Kumbe jasho langu mlilifanya rangi." Akakata simu. Majuma mawili hakutupigia, nasi hatukumlaumu.

Kazi ilifanywa mwaka ule ule. Fundi ni yule yule, kwani kosa halikuwa lake peke yake, naye aliposikia nia yetu alifurahi kuliko tulivyotarajia. Tuliezua mabati. Kwenye pembe nne zikachimbwa nguzo na kutiwa nondo za milimita 12, zimefungwa ringi, na ncha za ringi zikakunjwa kuingia ndani ili zisifumuke. Juu ya kuta ukamiminwa ukanda wa zege wenye nondo, ukazunguka chumba kizima bila kukatika, ukashikana na nguzo zote. Mchanga ulichekechwa na kuoshwa. Siku saba mfululizo sisi wenyewe tulichota maji kisimani asubuhi na jioni tukalinywesha zege, kwa kuwa zege likikauka kwa haraka hulegea. Ufa ukachimbuliwa na kuzibwa. Mabati yakarudishwa, na fedha ikaisha. Ghorofa haikujengwa, na hata leo haijajengwa. Wasichana husoma kwa zamu mbili, na wako wanaongoja nafasi hadi sasa. Kila tunapomrudisha mama mmoja na mwanawe hutuuma, kwani hilo nalo ni deni.

Ndugu yetu alirudi nyumbani Ramadhani ya mwaka 2023. Mwezi mmoja na kidogo kabla yake, alfajiri ya tarehe 6 Februari, Uturuki na Syria zilikuwa zimepigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.8. Uturuki peke yake ilizika watu zaidi ya 50,000, na wajenzi wengi walikamatwa kujibu kuhusu majumba yaliyolala kama mikate iliyobebana. Yeye aliyatazama hayo Muscat, usiku baada ya usiku, katika televisheni ya mwajiri wake. Alipofika kwetu hakuulizia ghorofa. Aliweka mizigo, akamwamkia Bibi, akaingia chuoni, akasema: "Nionyesheni unapopita mkaja." Tukamwonyesha. Hakukuwa na cha kuonekana, ila ukuta uliopakwa chokaa. Akapitisha mkono juu ya mlango, akazunguka chumba chote hadi akarudi alipoanzia.

Ndugu wasomaji, hatuandiki haya ili muyakimbie majumba yenu. Twaandika kwa sababu katika familia nyingi za Pwani siku hizi mwanamke ndiye msimamizi wa ujenzi: mume yuko Mombasa au Ughaibuni, fedha huja kwa simu, na fundi husikiliza neno lako. Basi kabla hujauliza bei ya marumaru, muulize fundi mambo matatu. Ukanda wa zege unazunguka nyumba nzima, au unakatika mahali? Nondo za nguzo zinashikana na za ukanda, na zimefungwa kwa ringi ngapi? Mchanga umetoka wapi? Maana wa ufukweni una chumvi ilayo chuma, na wa mtoni huja na udongo. Na usipandishe ghorofa juu ya kuta zilizojengwa kwa nia ya kubeba bati, mpaka ajuaye ujenzi azikague kwanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tuliisoma methali hiyo skuli tukiidhani ni ya mafumbo.

Wafundisheni na watoto. Ardhi ikitikisika nao wamo ndani ya jumba la mawe, waingie chini ya meza imara, wafunike kichwa na washikilie hadi itulie; ngazini si mahali pa kukimbilia wakati kuta zinacheza. Waliopo nje wajitenge na kuta na nguzo za umeme. Na kwa ndugu zetu wa Vanga, Shimoni na Msambweni: mkiwa ufukweni mkasikia mtikisiko mkali uliochukua muda, au mkaona maji yamerudi nyuma kuliko desturi, msingoje kutazama wala kuokota samaki. Pandeni juu. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yalianzia Sumatra, ng'ambo ya bahari hii, na bado yaliua watu Somalia, Tanzania na hapa Kenya.

Jioni hii, tunapomalizia maneno haya, wasichana wa zamu ya pili wanasoma, na sauti zao zinatufikia hapa jikoni. Wamefika katika Suratu Zalzala, sura fupi ambayo kila mtoto wa chuo huihifadhi mapema. Sisi nasi tuliihifadhi tukiwa na umri wao, tukaisoma miaka mingi, kisha tukaenda kumwambia fundi apunguze pale pasipoonekana. Mwenyezi Mungu atusamehe tulilolifanya kwa kutojua na tulilolifanya kwa kujua, awarehemu waliotangulia Bukoba, Agadir na kwingineko, na azihifadhi nyumba zenu na waliomo. Amin.